Mwezi na Mtunza Bustani: Historia ya Kazi za Mwanzo wa Machipuko

Kazi ya bustani ina masharti mawili yapinganayo, nayo ni kungoja na kuwahi. Katika nchi za joto ukali wa masharti hayo hupunguzwa na jua lisilotoweka mwaka mzima. Lakini katika nchi za kaskazini ya dunia, ambako kipupwe huua majani, huvua miti nguo zake, na kuifanya ardhi kuwa ngumu kama jiwe, mwanzo wa majira ya machipuko ni mlango mwembamba. Mkulima apandaye mbegu mapema mno huipoteza kwa jalidi, yaani umande ulioganda. Naye achelewaye hukutwa na joto la kiangazi mimea yake ingali michanga. Katika majuma machache ya Februari, Machi na Aprili hana budi kupogoa mizabibu, kubebesha miti ya matunda, kuchimbua udongo, kutia samadi, kuandaa vitalu, na kupanda njegere na maharagwe ya kwanza. Zamani, kosa la siku kumi liliweza kuwa njaa ya mwaka. Si ajabu, basi, kwamba mwanadamu aliyesimama baina ya hofu hizo mbili aliinua macho yake juu kutafuta shauri, na kitu alichokiona kikibadilika kila usiku kilikuwa mwezi.

Historia ya shauri hilo imepita miaka 2,700. Ndani yake wamo washairi, mabwana wa mashamba, mtunza bustani wa mfalme, waganga na mabingwa wa hesabu. Kwa juu juu ni historia ya desturi ndogo: siku gani ya kupanda, siku gani ya kukata. Kwa undani ni historia ya swali kubwa, ambalo kila taifa lenye wazee na vijana hulikuta mbele yake: mapokeo ya waliotangulia yapokewe yote, yakataliwe yote, au yachujwe? Na kama ni kuchujwa, chujio ni lipi?

Kwanza yafaa kuelewa kwa nini mwezi ulichaguliwa. Kiswahili hutumia neno moja kwa taa ya usiku na kwa kipimo cha siku thelathini, na lugha nyingi za Ulaya nazo zimeyafanya maneno hayo mawili kuwa ndugu wa shina moja. Mwezi ulikuwa kalenda ya wasio na kalenda. Mtu asiyejua kusoma aliweza kuusoma. Mtumwa, mjane na mchungaji waliuona sawasawa na mwenye shamba. Lakini kalenda hiyo ilikuwa na upungufu. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu na kitu kidogo. Miezi 12 ya namna hiyo hufanya siku 354, na jua huwa bado lina siku 11 za kumaliza mwendo wake. Mtu apandaye kwa hesabu ya mwezi peke yake, baada ya miaka 16 atajikuta anapanda katika kipupwe kile alichokusudia kupanda katika kiangazi.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliujua upungufu huo vizuri. Ramadhani huzunguka, leo katika kaskazi, baada ya miaka katika kusi, na haidhuru, kwa kuwa ibada haina haja ya mvua. Mkulima na baharia walihitaji hesabu nyingine. Kwa hiyo walishika mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, uliohesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku. Jina lenyewe limetoka Uajemi, nalo maana yake ni siku mpya, siku ambayo kwa Waajemi ndiyo mwanzo wa machipuko. Neno lilivuka bahari, machipuko yakabaki nyuma. Tena, kwa kuwa hesabu hiyo haikuongezewa siku moja kila mwaka wa nne, siku ya mwaka ilisogea polepole, hata leo watu wa Makunduchi, Unguja, huikoga mwezi wa Julai. Wala wenye karatasi hawakusalimika na aibu ya namna hiyo. Kalenda ya Julius Caesar ilikuwa imepotoka kwa siku 10 ilipofika mwaka 1582, Papa Gregory XIII alipoamuru isahihishwe. Na Uingereza ilikubali masahihisho hayo mwaka 1752. Kwa karne nyingi, basi, mkulima aliyetazama mbingu hakuwa mjinga mbele ya yule aliyetazama kitabu.

Desturi ya Ulaya ya zamani iligawa kazi: jua na nyota zilitaja majira, mwezi ukataja siku ndani ya majira. Mgawanyo huo waonekana tayari katika utenzi wa kilimo wa Hesiod, Myunani aliyeishi yapata mwaka 700 kabla ya kuzaliwa Isa. Kwa kupogoa mizabibu hakutaja mwezi; alihesabu siku 60 baada ya jua kugeuka katika kipupwe, akangoja nyota iitwayo Arcturus ipande jioni, akaonya kwamba kazi imalizwe kabla mbayuwayu hajarudi. Lakini mwishoni mwa utenzi huo huo aliorodhesha siku za mwezi, njema na mbaya. Siku ya 13 ya mwezi ukuao, kwa mfano, aliikataza kwa kuanza kupanda mbegu, akaisifu kwa kupanda miche. Sababu hakuitoa. Alisema kama asemavyo mzee kwa kijana: ndivyo ilivyo.

Warumi walikuwa watu wa faida na hasara, na mwezi waliuingiza katika hesabu ya shamba. Cato, katika kitabu cha kilimo alichokitunga yapata mwaka 160 kabla ya Isa, alieleza kazi za machipuko moja baada ya moja, na alipofika kwenye kubebesha mitini, mizeituni, mitufaha, mipea na mizabibu, aliweka masharti matatu pamoja: iwe katika giza la mwezi, iwe baada ya adhuhuri, na upepo wa kusini usiwe unavuma. Msomaji na ayatazame masharti hayo kwa makini. Upepo ukaushao au uletao mvua una nguvu dhahiri juu ya jeraha la mti lililo wazi. Saa ya mchana nayo yaweza kuwa na maana. Mwezi ulisimama katikati ya wenzake hao kama mtu aliyeingia karamuni pamoja na waalikwa, wala hakuna aliyemwuliza barua yake ya mwaliko.

Yupo aliyeanza kutabasamu. Varro, aliyeandika juu ya kilimo mwaka 37 kabla ya Isa akiwa mzee wa miaka 80, aliweka mazungumzo ya mabwana kadha juu ya kazi za mwezi ukuao na za mwezi upunguao. Mmoja wao asema kwamba amri hiyo ya baba yake huishika katika kukata manyoya ya kondoo, na tena katika kukata nywele zake mwenyewe, kwa kuogopa kwamba akizikata mwezi ukipungua atapata upara. Mzaha huo ni mwepesi, lakini waonyesha mahali mapokeo yalipofika: kanuni iliyozaliwa shambani ilikuwa imeingia kwa kinyozi.

Nadharia iliyobeba yote hayo ilikuwa nyepesi kueleweka. Mwezi, walisema, ni bibi wa unyevu. Ukikua, majimaji ya viumbe hukua, ukipungua, hupungua. Kwa hiyo kitakiwacho kukua kipandwe katika nuru iongezekayo, na kitakiwacho kukauka na kudumu, kama boriti, kikatwe katika nuru ipunguayo. Pliny Mkubwa, aliyemaliza kitabu chake kikubwa cha maumbile mwaka 77 na kufa miaka miwili baadaye katika maafa ya mlima Vesuvius, alishikilia kwamba kila kinachokatwa, kuchumwa au kupunguzwa hupata dhara ndogo mwezi unapopungua. Palladius, mwandishi wa karne ya 4 au ya 5 aliyepanga kazi za shamba mwezi kwa mwezi, alikamilisha upande wa pili: mbegu zote zipandwe mwezi unapokua. Vitabu vya Kiarabu navyo vilipokea na kuongeza. Kitabu cha kilimo cha Wanabati, alichokitoa Ibn Wahshiyya huko Iraki mwanzoni mwa karne ya 10, kimejaa habari za mwezi na sayari. Na Ibn al-Awwam wa Seville, katika karne ya 12, alikusanya maneno ya Warumi, Wayunani na Waarabu katika kitabu kimoja. Hivyo bustani za Andalusi na bustani za watawa wa Ulaya, zilizotengana kwa dini, zilikutana chini ya mwezi mmoja.

Lakini makubaliano hayo hayakuwa kamili. Thomas Tusser, Mwingereza aliyesoma Cambridge, akawa mwimbaji, kisha mkulima, alitoa mwaka 1573 kitabu cha mashairi ya kilimo chenye mashauri 500. Katika mashauri ya Februari aliagiza njegere na maharagwe yapandwe mwezi ukipungua, ili mbegu ipumzike pamoja na mwezi na kuinuka pamoja nao. Sababu hiyo ni nzuri kusikika. Lakini ni kinyume cha Palladius, aliyetaka mbegu zote ziingie ardhini katika mwezi ukuao. Wengine walitenga mimea izaayo juu ya ardhi na ile ya mizizi, hii kwa mwezi ukuao, ile kwa mwezi upunguao. Na Cato alikuwa amechagua giza lenyewe. Laiti kanuni hizo zingalitokana na kutazama mimea, zingalielekea kukutana kadiri karne zilivyopita, maana mimea ni ile ile na mwezi ni ule ule. Hazikukutana. Mashahidi waliosimama mahali pamoja na kusimulia kinyume hawakuona jambo moja. Yamkini kila mmoja aliona alilotarajia.

Mtu wa kwanza mashuhuri aliyewahoji mashahidi hao kwa subira alikuwa Jean-Baptiste de La Quintinie, aliyezaliwa mwaka 1624. Alisomea sheria, mapenzi ya bustani yalimshika alipozuru Italia. Kati ya mwaka 1678 na 1683 alimtengenezea Mfalme Louis XIV bustani ya matunda na mboga katika Versailles, kwenye eneo la hekta 9 hivi, mahali palipokuwa bwawa lenye uvundo, ambalo lilijazwa udongo uliochimbwa penginepo. Katika ardhi hiyo mbaya alitakiwa kulisha meza iliyotazamwa na Ulaya nzima. Kwa samadi mbichi ya farasi itoayo joto, kwa vioo, na kwa kuta zikingazo upepo, aliweza kumpa mfalme mboga na matunda nje ya majira yake. Katika kazi kama hiyo kosa halikufichika. Mti uliokataa kushika au saladi iliyokimbilia kutoa mbegu ilikuwa habari ya ikulu.

Watunza bustani wa zama zake walikuwa na hakika kwamba kupanda au kubebesha katika robo isiyofaa ya mwezi kulileta balaa hizo hizo. La Quintinie hakuwacheka mwanzoni. Aliwapa heshima ambayo ndiyo kubwa kupita zote kwa msomi: aliyachukua maneno yao kuwa ni madai yawezayo kujaribiwa. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30 aliangalia siku za mwezi na matokeo ya kazi. Hukumu yake ilitoka katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1690, miaka miwili baada ya kifo chake: hakuona lolote zaidi ya mazungumzo ya wazee wa bustani, yaliyokuwa na uzito kwa sababu tu ya ukongwe wake. Alishauri mtu abebeshe katika robo yoyote ya mwezi, mradi mkono wake uwe hodari, majira yawe yale yafaayo, na shina liafikiane na kijiti kinachounganishwa nalo. Apande mbegu na miche siku yoyote ya mwezi, mradi udongo uwe mwema na umeandaliwa.

Uzito wa hukumu hiyo ni mkubwa kuliko uonekanavyo. Anayelaumu mwezi kwa mche uliokufa hujisamehe mwenyewe. Hana haja ya kuuliza kama kisu kilikuwa butu, kama mbegu ilikuwa kuukuu, kama samadi ilikuwa mbichi mno. La Quintinie aliuondoa mwezi katika kiti cha mshtakiwa, akaubakiza mkono wa mwanadamu pale pale. Ndiyo maana mafundisho yake hayakupendwa na wote. Mvivu hufiwa na rafiki anaponyang'anywa udhuru.

Hata hivyo, msomaji akiishia hapo atafikiri kwamba wasomi walikuwa na haki daima, na wakulima walikosea daima. Sura ya pili ya historia hii yakataza fikira hiyo. Wakulima wa Ufaransa walikuwa na mwezi mmoja waliouogopa kuliko yote, ule unaoandama baada ya Pasaka na kuangaza Aprili na Mei. Waliuita mwezi mwekundu. Walisema kwamba katika usiku wa mwezi huo, machipukizi yaliyopigwa na mbalamwezi hugeuka rangi na kufa kama yaliyoungua, ingawa hewa haijafikia baridi ya kugandisha maji. Lakini mawingu yakiufunika mwezi, machipukizi husalimika. Wasomi walilisikia neno hilo kwa muda mrefu na kulihesabu kuwa upuzi, kwa kuwa ilikwisha julikana kwamba nuru ya mwezi haina baridi.

François Arago, mtaalamu wa nyota wa Paris, alisimulia jinsi wasomi hao walivyopatikana. Ujumbe wa Bureau des Longitudes ulikwenda kwa Mfalme Louis XVIII kumpa vitabu vyake vya mwaka. Mfalme akaona fursa, akauliza mwezi mwekundu ni nini, na una nguvu gani juu ya mavuno. Aliyeelekezewa swali alikuwa Laplace, mtu aliyepima mwendo wa sayari na kueleza kupwa na kujaa kwa bahari. Bingwa huyo hakuwa na jibu. Mwezi wa hesabu aliujua kuliko mtu yeyote aliye hai. Mwezi wa bustani hakuwa amewahi kuufikiri. Alirudi kwa wenzake akiuliza, wala Arago hakuliacha swali hilo lipite.

Jibu lilikuwa limekwisha andaliwa ng'ambo ya pili ya bahari na mganga mmoja wa London, William Charles Wells, katika kitabu chake juu ya umande cha mwaka 1814. Wells alithibitisha kwa vipimajoto kwamba usiku, mbingu zikiwa wazi, nyasi na majani hutoa joto lake kuelekea juu, wala hayarudishiwi. Kwa hiyo hupoa kuliko hewa iyazungukayo, kwa nyuzi kadha za sentigredi. Mawingu yakitanda hurudisha joto chini, na upoaji huo husita. Arago aliunganisha mambo mawili. Jani laweza kuganda katika hewa isiyoganda, ikiwa mbingu ni wazi; na mbingu zikiwa wazi mwezi huonekana. Mwezi haukuwa mwuaji. Ulikuwa mtu aliyeonekana mlangoni kila mauaji yalipotendeka, kwa sababu mlango uliomruhusu kuonekana ndio uliomruhusu mwuaji kupita. Katika usiku ulio wazi lakini usio na mwezi, machipukizi hufa vile vile.

Waswahili husema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huo una hekima ya kutosha kueleza kisa chote. Dalili si lazima iwe sababu. Lakini aidharauye dalili kwa kuwa si sababu atalowa. Wakulima wa Ufaransa walikuwa wameona kweli: walitazama saa sahihi, mahali sahihi, na kutofautisha usiku wa mawingu na usiku mweupe. Walikosea hatua moja tu, ya kutaja mtenda. Wasomi nao hawakukosea juu ya nuru ya mwezi; walikosea kwa kulitupa jambo lililoonwa pamoja na maelezo yake mabaya, kama mtu amwagaye mchele kwa sababu ya makapi.

Wells mwenyewe alikuwa na ungwana wa kukiri dhambi hiyo. Aliandika kwamba zamani alikuwa akiwatabasamia watunza bustani kila alipowaona wakifunika miche myororo kwa mkeka mwembamba usiku. Alifikiri, kwa kiburi cha mtu ajuaye nusu, kwamba mkeka mwembamba hauwezi kuzuia mche usifikie baridi ya hewa. Hakujua kwamba mche hupita baridi ya hewa, na kwamba mkeka, hata ukiwa mwembamba, huuficha usitazamane na mbingu tupu. Mtunza bustani aliyefunika mche wake ili mbalamwezi isiuguse alikuwa na elimu mbaya na dawa njema. Msomi aliyemcheka alikuwa na elimu njema, ilhali mche wake ungalikufa.

Ingalitazamiwa kwamba baada ya La Quintinie na Arago habari ingekwisha. Haikwisha. Mnamo Juni 1924, Rudolf Steiner alitoa mfululizo wa hotuba za kilimo katika Koberwitz, karibu na mji ulioitwa wakati huo Breslau, mahali ambapo sasa ni nchi ya Polandi. Wasikilizaji wake walikuwa wakulima waliotiwa wasiwasi na udongo na mbegu zilizokuwa zikidhoofika, na mbolea za viwandani zilizokuwa zikienea. Wasiwasi wao ulikuwa wa kweli, na katika kuujibu mwezi na nyota zilirudi bustanini. Maria Thun, mwanamke wa Ujerumani aliyeishi kutoka 1922 hadi 2012, alianza mwaka 1952 kupanda figili siku baada ya siku na kuandika umbo la kila zao. Aliacha hesabu ya kukua na kupungua kwa mwezi, akafuata mwendo wake mbele ya makundi ya nyota, ambao huchukua siku 27 na theluthi hivi. Aligawa siku katika mafungu manne: za mizizi, za majani, za maua na za matunda. Tangu mwaka 1963 kalenda yake ilitolewa kila mwaka na kutafsiriwa katika lugha nyingi, na wako wengi ambao mpaka leo hawafungui pakiti ya mbegu mwanzoni mwa machipuko kabla ya kuitazama.

Madai hayo nayo yalipewa heshima ya kujaribiwa. Hartmut Spiess, mtafiti wa kilimo hicho hicho cha Steiner, wala si adui yake, alipanda nafaka ya rai kwa tarehe nyingi, na mwaka 1990 alichapisha matokeo. Mgawanyo wa Thun haukuthibitishwa. Athari za mwezi zilizoonekana zilikuwa ndogo. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walipitia vitabu vya fizikia na elimu ya mimea, na maandishi mengine ya kilimo, wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kutegemewa wa kuongoza kazi za shamba kwa mwezi.

Wakaao pwani huuliza, nao wana haki ya kuuliza: mwezi uinuao bahari nzima, ukaleta bamvu na maji mafu, utashindwaje kuinua utomvu wa mche? Swali hili hujibiwa na ukubwa wa bahari wenyewe. Bahari huinuka kwa sababu mwezi huvuta upande mmoja wa dunia kidogo zaidi ya upande mwingine, na tofauti hiyo ndogo hukusanywa juu ya maelfu ya maili ya maji. Nguvu yenyewe ni kama fungu moja katika milioni kumi za uzito wa kitu. Katika mche wenye urefu wa shubiri hakuna umbali wa kukusanyia tofauti hiyo. Mtikiso wa panzi anayetua juu ya jani ni mkubwa kuliko huo. Nayo nuru ya mwezi mpevu ni kama fungu moja katika 400,000 za nuru ya jua. Hata kisima na birika havina bamvu, na utomvu wa mche ni mdogo kuliko birika.

Je, kwa karne ishirini na saba mwezi haukumfaa mtunza bustani hata kidogo? Ulimfaa, lakini kwa njia nyingine kuliko ile aliyoidhani. Ulimpa tarehe pale ambapo hapakuwa na tarehe. Ulikata kazi nyingi za mwanzo wa machipuko katika mafungu, hii kabla ya mwezi mpevu, hii baada yake, hata mtu asitupe mbegu zote ardhini siku moja ya jua la udanganyifu la Machi, na kuzipoteza zote kwa jalidi ya usiku mmoja. Ulimtoa nyumbani usiku kutazama mbingu; na atazamaye mbingu kila usiku hujua mawingu, hujua upepo, huhisi baridi kabla haijauma. Aliyeufuata mwezi kwa uaminifu alikuwa, aghalabu, mtu mwangalifu kuliko jirani yake, na mavuno yake mema yalitoka katika uangalifu huo. Sifa ikaenda kwa mwezi.

Kwa hiyo chujio lililotafutwa mwanzoni limeonekana mara mbili katika historia hii. La Quintinie alilishika alipoandika siku na matokeo kwa miaka 30 kabla ya kukataa. Arago na Wells walilishika walipouliza wakulima waliona nini, kabla ya kuuliza waliamini nini. Mapokeo ya wazee yana sehemu mbili, jambo lililoonwa na maelezo ya jambo hilo, na sehemu hizi hazizeeki sawasawa. Maelezo huoza upesi, kwa kuwa kila zama huyatengeneza kwa elimu iliyo nayo. Lililoonwa hudumu. Waliosema usiache mbachao kwa msala upitao hawakusema kwamba mbacha haufuliwi.

Katika bustani nyingi za kaskazini, usiku mweupe wa Aprili, miche myororo bado hufunikwa. Afunikaye akiwa amesoma atasema kwamba huzuia joto la majani lisipotee. Akiwa hakusoma atasema kwamba huyakinga na mwezi. Asubuhi, vifuniko vikiondolewa, miche ya wote wawili huwa hai.